Tumelipa Nauli Yote Hii Kuja Kula Futari?

Baba Nasra aliinama, akachungulia sufuria, akanitazama mimi, kisha akachungulia tena. Moshi wa kuni ulikuwa unamwingia machoni. Ndani mlikuwa na shelisheli, ndizi mbichi na vipande vya majimbi, tui limegeuka rangi kwa manjano, na juu yake majani mapana yamefunikia kila kitu.

"Mama Nasra," akasema kwa sauti ya chini, mwenye sufuria asije akadhani tunamteta. "Tumelipa nauli yote hii kuja kula futari?"

Nilicheka mpaka nikakaa mchangani.

Yeye hakucheka.

Tumerudi Toronto kutoka Grenada, theluji imetukuta pale pale tulipoiacha, na mimi bado nalifikiria lile la kutocheka kwake. Namjua mume wangu. Akitania, hucheka yeye kwanza kabla hujamaliza kusikia. Siku ile alikuwa anauliza swali na anataka jibu.

## Kwani Zanzibar bahari imekauka?

Tulikwenda Grenada, kisiwa kidogo kusini mwa Karibi, juu kidogo ya Trinidad. Unguja peke yake ni kubwa kuliko nchi ile nzima zaidi ya mara nne. Magari yanapita kushoto kama kwetu, na ukitaka kushuka kwenye basi dogo unagonga bodi, konda anaelewa.

Picha ya kwanza niliyoitupa kwenye grupu la familia ilikuwa ya pwani ya Grand Anse. Mchanga karibu kilomita tatu, maji ya samawati, miti ya mikungu imeinamia ufukwe. Shangazi akajibu kabla sijaweka simu chini:

"Mashaallah. Kwani Zanzibar bahari imekauka?"

Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Mama yeye hakuandika. Alituma voisi, akakohoa kwanza, akauliza kama tumefika salama, akauliza watoto tumemwachia nani, halafu akanyamaza kidogo na voisi bado inakwenda. "Haya. Na huku mnakuja lini?"

Mnaoishi nje hamhitaji nieleze kwa nini tulikwenda Grenada na si nyumbani. Masanduku mnayajua, na bahasha mnazijua. Safari yetu ya mwisho, nusu ya siku tulizokaa Tabora kwa wakwe zangu Baba Nasra alizimalizia kwenye kesi ya kiwanja cha marehemu baba yake, na nusu ya siku za Unguja mimi nilizimalizia kwenye benchi la hospitali na shangazi huyu huyu wa bahari kukauka. Sijutii hata saa moja. Ila ile si likizo, na tuliporudi kazini tulikuwa tumechoka kuliko tulivyoondoka.

Kwa hiyo mdogo wangu alipojitolea kukaa na watoto, na tiketi za Grenada zikaonekana kwa bei inayosemeka, tulinunua usiku ule ule kabla mmoja wetu hajapata akili.

## Mkanda mkononi

Hoteli ilikuwa ya zile za kulipa kila kitu mapema. Unafungwa mkanda wa plastiki mkononi, basi, wewe ni kula tu.

Baba Nasra aliupenda ule mkanda. Naapa alikuwa anauzungusha kifundoni kama mtu aliyepewa saa mpya. Asubuhi anasimama mbele ya mpishi wa mayai, anachagua: kitunguu, pilipili hoho, uyoga, jibini, acha nyanya. Mchana samaki wa kuchoma. Jioni moja wakaleta kamba koche waliopasuliwa katikati, wamechomwa kwa siagi na kitunguu saumu, nyama nyeupe imejaa gandani, na akala wake na wangu nusu. Nyama zao hatukugusa kwa sababu zetu, na rum tuliiacha kwa wenyewe, lakini hakuna aliyelala njaa.

Mimi ndiye niliyeanza chokochoko. Siku moja nilikuta kipande cha tikiti kwenye bufee bado kina kibandiko, na kibandiko kinataja nchi nyingine. Nje ya ukuta wa hoteli kuna kina mama wanauza mapapai, machungwa, ndizi za kila aina, na sisi ndani tunalishwa tikiti lililopanda meli. Si jambo dogo kwa visiwa vile. Serikali za Karibi ziliwahi kuahidiana kupunguza kwa asilimia 25 gharama ya chakula kinachotoka nje ifikapo 2025, mwaka ukafika, lengo likasogezwa hadi 2030.

"Hatukuja huku kula chapati maji na sharubati ya maple," nikamwambia. "Hivyo viko Toronto, kwetu Scarborough."

"Wewe hukuja kula hivyo," akasema, akamimina sharubati. "Mimi nimekuja."

Kitu kimoja tulikubaliana: chai ya kakao. Wanakunywa asubuhi, kakao halisi iliyosagwa na kufinyangwa donge, ikachemshwa na maziwa, mdalasini, jani la bay na kungumanga. Mafuta ya kakao yanaelea juu. Baba Nasra alikunywa vikombe viwili, akasema hii hata Tabora wangeielewa.

## Mjuaji kwenye shamba la viungo

Grenada ni kisiwa cha viungo. Wameweka kungumanga kwenye bendera yao ya taifa, na si mapambo. Kabla ya 2004 ni Indonesia tu ndiyo ilikuwa inawazidi duniani kwa zao hilo.

Sasa fikiria mtu wa Unguja amekwenda kutembezwa kwenye shamba la viungo. Kaka yangu amefanya kazi hiyo kule Kizimbani, Unguja, miaka na miaka, anawavisha Wazungu kofia za makuti na kuwapakaza rangi nyekundu ya mrangi midomoni. Maneno yake nayajua kwa ghibu, pamoja na mahali pa kunyamaza ili wageni washangae.

Yule kijana wa Grenada alikuwa na mahali pake pa kunyamaza pia. Akachuma tunda la njano lililokwisha kupasuka, akalifungua kwa vidole gumba: kokwa ya kahawia inayong'aa, imevishwa wavu mwekundu wa basibasi. "Nani anajua?" Nikajibu. Akavunja gome. Nikajibu. Akafikicha jani, akatupitishia puani. Nikajibu. Wamarekani tuliokuwa nao wakanipigia makofi, na kijana akaanza kucheka kwa uso wa mtu anayeporwa kazi yake.

Baba Nasra akaninong'oneza: "Mwache mwenzio atafute riziki."

Nikanyamaza. Alipoinua karafuu nikatazama kando kama sijawahi kuiona.

Kwenye kituo cha kungumanga cha Gouyave ndipo nilipovutika kweli. Jengo la mbao, matrei ya kukaushia yamepangana, kina mama wamekaa wanachambua kwa mkono. Kokwa wanazipima kwa maji: nzima inazama, mbovu inaelea. Magunia yanaandikwa kwa rangi nchi yanakokwenda. Harufu ile ikaniingia mpaka kwenye mtandio, na ikakaa huko.

Pale kijana akaacha utani. Tarehe 7 Septemba 2004 kimbunga Ivan kilipita juu ya kisiwa. Kiasi cha nyumba tisa kati ya kumi ziliharibika, na mikungumanga ikang'oka mashamba kwa mashamba. Mti ule unataka miaka kama saba kabla ya kukuonyesha tunda la kwanza, na mpaka utoe maua huwezi kujua kama ni dume au jike, kwa hiyo unaweza kungoja miaka yote hiyo ukaambulia dume. Wakulima wengi wakahamia kakao, inayozaa mapema. Ndiyo maana leo kila duka Grenada linauza chokoleti.

Nikamsimulia ya kwetu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikalaza mikarafuu, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Watalii tunawapeleka mashamba ya Unguja kwa sababu hoteli ziko Unguja. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwao ni vivyo hivyo: mgeni anaonyeshwa mti mmoja ulio karibu na barabara.

Baba Nasra wakati huo alikuwa ameshapata aiskrimu ya kungumanga na kivuli.

## Hii haikorogwi

Chakula cha taifa cha Grenada wenyewe wanakiita oil down. Nilitaka kukila kabla hatujaondoka, lakini sufuria ya kawaida haikosi mkia wa nguruwe wa chumvi. Mama mmoja anayeuza ndizi akatuelekeza kwa Rasta mmoja anayepika mwisho wa ufukwe. Yeye nguruwe hali, nyama hali kabisa, hata chumvi haweki.

Tulimkuta ndiyo kwanza anaanza. Kwa hili nitawachelewesha kidogo, maana sijaona mtu akipika shelisheli vile.

Alijipaka mafuta ya nazi viganjani na kwenye kisu, kwa ajili ya ule ulimbo. Akalimenya shelisheli, akalikata vipande vya mwezi mchanga, akatoa moyo. Chini ya sufuria akatandika vitunguu na majani ya kuungia, na pilipili mbuzi moja nzima ambayo hakutaka ipasuke. Juu yake mashelisheli, kisha ndizi mbichi, karoti, boga, majimbi. Unga wa ngano aliukanda mgumu, akausokota kwa viganja ukawa vijiti, akavichomeka kwenye mapengo. Mwisho majani ya majimbi na vikonyo vyake, yamekunjwa na kulazwa juu kama mfuniko. Tui akalisaga na manjano mabichi, akalimimina lote kwa mkupuo mmoja.

Lote! Mimi nimefundishwa kuchemsha kwa tui jepesi, kasimile, lile tui zito, inaingia mwisho, moto mdogo, na ole wako likatike. Nyumbani kwetu tui likikatika likatoa mafuta, unasikia habari yako mpaka Idi. Yule bwana alikuwa analitaka likatike. Anataka maji yote yakauke, shelisheli linywe, chini yabaki mafuta matupu. Hayo mafuta ndiyo yaliyokipa chakula jina.

Nikaona mwiko, mkono ukaenda wenyewe. Akanizuia kwa kiganja.

"Hii haikorogwi."

Ndipo Baba Nasra alipotoka majini, akatia shingo, akasema yale ya futari.

Rasta akataka kujua kasema nini. Nikamwambia kwamba vitu hivi vyote, shelisheli, ndizi, majimbi na nazi, ndivyo tunavyofungulia mwezi wa Ramadhani kwetu. Akaweka kisu chini. Akatuuliza tumewahi kufika Shashamane. Hatujafika. Akatueleza Shashamane, ardhi ya Ethiopia ambayo mfalme Haile Selassie aliwapa watu weusi wa ng'ambo waliotaka kurudi, na alikuwa na habari nyingi za Ethiopia kuliko sisi tuliozaliwa nchi mbili tu kutoka pale. Alipojua tunaishi Kanada akacheka sana. "Basi ninyi ndio mliotuletea samaki mbovu!" Samaki wa chumvi wa Karibi walikuwa wakitoka pwani za Kanada, wale wa daraja la chini kabisa, chakula cha watumwa wa mashamba ya miwa.

Shelisheli nalo likaja hivyo hivyo. Mwingereza Bligh, nahodha yule aliyeasiwa na mabaharia wake 1789, alitumwa tena, na mwaka 1793 akafikisha miche kutoka Tahiti hadi St Vincent na Jamaika. Walitaka chakula rahisi cha kulisha watumwa. Watumwa hawakukitaka kwa miaka mingi. Rasta alilisema hili huku anafunua sufuria, mvuke umemfunika ndevu, na kwa namna alivyosema ungedhani babu yake ndiye aliyekikataa.

Tulikula kwenye vibakuli vya vibuyu. Shelisheli lilikuwa limelainika, limekunywa tui mpaka ndani, na ule ukoko wa chini alinigawia mimi baada ya kuona ninavyouangalia. Baba Nasra alimaliza chake, akashukuru vizuri, akaenda kukaa peke yake kwenye ngalawa iliyopinduliwa.

## Chakula ni chakula tu

Usiku nikamuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba mtu wa bara asiyejua shelisheli hana haki ya kulidharau.

Hakudharau. Alisema shelisheli lilikuwa zuri, na hapo ndipo lilipomuudhi.

"Mimi Toronto nakumbuka kila siku," akasema. "Nikila ugali nakumbuka. Nikikosa ugali nakumbuka. Usiku mzima nahudumia wazee, na kazi ya wale wazee ni kukumbuka. Nilitaka mahali ambapo chakula ni chakula tu. Yai ni yai. Wewe kila unachokiona unaniambia hiki kama kwetu, kile kama kwetu. Sasa nimepumzika wapi?"

Sikuwa na jibu.

Feni ilikuwa inazunguka juu, na nilikuwa najaribu kuhesabu mara ngapi nimesema "kama kwetu" tangu tushuke kwenye ndege. Mikungu kama kwetu. Basi kama la kwetu. Hata kunguru ambao hawapo nilisema hawapo kama wa kwetu.

Nimekulia karibu na Nungwi. Sisi tulikuwa tunawacheka wageni wanaokuja kutoka mwisho wa dunia kula piza mbele ya bahari yenye pweza na jodari, wasikanyage kijijini hata siku moja. Tuliwaona hawana hamu ya kujua. Haikunipitia kwamba mmoja wao huenda ametoka kwenye kazi ya kukumbuka, au ametoka kuzika, na ile piza ni kitu pekee kisichomuuliza swali.

Hapo hapo, sijabadilisha msimamo wangu kuhusu lile tikiti. Mgeni kutaka yai tupu ni haki yake. Hoteli kujenga ukuta ili papai la jirani lisiingie jikoni ni jambo jingine, na kwetu tunalifanya vile vile: uani kwa jirani yangu kulikuwa na mshelisheli unaodondosha matunda yakaoza, hatua chache kutoka kwenye hoteli inayokaanga viazi vya kuganda. Mambo haya mawili nimejaribu kuyapatanisha wiki zote hizi na bado yananigombania.

## Ijumaa

Ijumaa jioni wavuvi wa Gouyave wanafunga mitaa miwili mitatu, wanaweka majiko, na kila mtu anapika kilichotoka baharini. Baba Nasra ndiye aliyechagua twende, na yeye ndiye aliyechagua cha kula. Jodari wa kuchoma. Lambi, yule kome mkubwa wa baharini, amepondwa akalainika, amepikwa na mchuzi wa pilipili. Vitumbua vya samaki vya moto vinavyounguza vidole. Alikuwa anazunguka kutoka jiko hadi jiko na noti za EC mkononi, yaani dola za Karibi ya Mashariki, dola mbili na senti sabini za kwao kwa moja ya Marekani, anapiga hesabu kwa sauti na kukosea kwa makusudi ili wauzaji wamcheke.

Pembeni kulikuwa na wazee wanacheza dhumna. Unajua jinsi wazee wanavyolibamiza lile kete la mwisho, meza inaruka, na mwenye kushinda anainuka nusu kana kwamba anataka kupigana? Walikuwa hivyo. Kofia zile zile, kelele zile zile, na mmoja anayejifanya refa na hakuna anayemsikiliza. Nikafungua mdomo.

Nikaufunga.

Nikamwomba kipande cha jodari wake.

"Unataka kusema nini?" akaniuliza.

"Chumvi imezidi."

Alinitazama muda, akawatazama wazee, akaanza kucheka mwenyewe. "Sema tu," akasema. "Umeshakuwa mwekundu."

## Voisi nyingine

Ramadhani imeingia. Nilipata shelisheli kwenye duka la Wakaribi kule Scarborough, kwa bei ambayo Mama angeita polisi, na nikalipika kwa mtindo wa yule Rasta: manjano, tui lote kwa mara moja, bila kukoroga, mpaka mafuta. Watoto hawakuafiki. Mdogo wangu alisema limekatika. Baba Nasra alikula, akaongeza, na hakusema limemkumbusha wapi. Nilituma picha kwenye grupu. Voisi ya Mama ikaja: kikohozi, salamu, halafu, "Nani kakwambia shelisheli linatiwa manjano? Na mnakuja lini?"

Tunakuja Desemba. Tumeshaanza kulipia tiketi, watu wanne, Mungu atusaidie.

Ila Baba Nasra ana sharti. Anataka siku za mwanzo tukae hotelini, Nungwi au Paje, mkanda mkononi, yai la kuchagua, kabla hatujamwambia mtu yeyote kwamba tumetua. Nilimwambia haiwezekani, Unguja hapashuki mtu uwanja wa ndege bila shangazi yake kujua. Akasema tutavaa miwani. Nikamwambia Mama akijua hatatusamehe. Akasema Mama hatajua.

Mama hasomi blogu, hilo ni kweli. Shangazi ndiye anayesoma. Shangazi, ukifika hapa, zawadi yako iko kwenye sanduku la kwanza, na tafadhali nyamaza.